Esse Akida: Mshambuliaji wa Tana River na bao la kwanza la Kenya katika Kombe la Afrika la Wanawake

ESSE Mbeyu Akida, mwanasoka aliyezaliwa Tana River mnamo Novemba 1992, ndiye aliyeifungia Kenya bao lake la kwanza katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika kwa Wanawake. Bao hilo alilitia kimiani Novemba 20, 2016 mjini Limbe, Cameroon, dhidi ya Ghana, katika mechi ya kwanza kabisa ya timu ya taifa, Harambee Starlets, kwenye mashindano hayo.

Baada ya Limbe, Akida alisakata soka ya kulipwa katika nchi tatu: Israel, Uturuki na Ugiriki. Ni wanasoka wachache mno wa kike kutoka Kenya waliowahi kuvaa jezi za klabu za nchi nyingi kiasi hicho, na ni wachache zaidi miongoni mwa waliozaliwa katika ukanda unaoanzia Kilifi, ukapita Malindi na kuishia kwenye mdomo wa Mto Tana.

Hata hivyo, historia yake ina pande mbili ambazo hazikwenda pamoja. Upande wa klabu, alipanda ngazi mwaka baada ya mwaka. Upande wa taifa, mlango ulioonekana kufunguka mwaka wa 2016 ulifungwa mara moja na uamuzi wa mezani, mara nyingine na janga la korona, na mara nyingine tena na mzozo wa usimamizi wa soka nchini. Katika miaka ambayo mshambuliaji huwa na nguvu zake zote, Kenya haikurejea katika fainali hizo hata mara moja.

ASILI NA MAZINGIRA

Kaunti ya Tana River inapakana na Kilifi upande wa kaskazini. Msafiri anayetoka Malindi kuelekea Lamu hupita Garsen baada ya mwendo wa zaidi ya kilomita 100, na katika sehemu kubwa ya safari hiyo huona nyanda kavu, mifugo na vijiji vilivyotawanyika. Mto Tana, ambao ndio mrefu kuliko yote nchini, hutandaa huko na kufanya delta yenye mashamba ya mpunga na miembe, kisha humwaga maji yake baharini karibu na Kipini. Mto huo unapofurika, barabara hukatika na shule huwa mbali kuliko ilivyo katika ramani.

Kwa wakazi wa delta, Malindi ndio mji mkubwa ulio karibu: ndiko kwenye soko, hospitali na mabasi ya kwenda Mombasa na Nairobi. Ndiko pia michezo ya mashindano inakopata uwanja na watazamaji. Uwanja wa Alaskan mjini Malindi na ule wa Karisa Maitha mjini Kilifi ni majina ambayo kila mpenda kabumbu wa eneo hilo anayajua. Lakini kwa miaka mingi viwanja hivyo vilihesabiwa kuwa mali ya wavulana. Msichana alifika uwanjani kama mtazamaji, au kama mpita njia mwenye ndoo ya maji kichwani.

Sababu zilizomzuia msichana wa Pwani kucheza mpira hazikuwa za dini au mila peke yake, kama inavyosemwa mara kwa mara na watu wa mbali. Kazi za nyumbani humalizika jioni, saa zile zile ambazo wavulana huwa uwanjani. Karo ikikosekana, aghalabu binti ndiye hubaki nyumbani kwanza. Mimba za mapema na ndoa za umri mdogo zimewaondoa wengi shuleni katika kaunti za Kilifi, Kwale na Tana River, na nchini Kenya shule ndiyo njia kuu ya kumfikisha msichana kwenye timu. Aliyetoka shuleni alitoka pia katika soka.

Hali hiyo ndiyo iliyozaa shirika la Moving the Goalposts mjini Kilifi mwaka wa 2001, wakati Akida alikuwa bado hajatimiza miaka 10. Shirika hilo, ambalo mwanzilishi wake ni Sarah Forde kutoka Uingereza, lilianzisha ligi za wasichana vijijini na kuwaachia wasichana wenyewe kazi ya kuziendesha: kupanga ratiba, kuchezesha mechi kama marefa, kutoa huduma ya kwanza na kuwafunza wenzao kuhusu afya na haki zao. Mwaka wa 2008 Forde alichapisha kitabu kuhusu maisha ya wasichana hao. Kwa muda wa miaka michache, mechi ya wasichana katika viwanja vya Kilifi haikuwa tena kioja cha kukusanya watu wa kucheka.

Akida hakuwa zao la shirika fulani moja linaloweza kujipigia kifua. Kinachofaa kukumbukwa ni kwamba alikulia katika kizazi cha wasichana wa Pwani ambao, kwa mara ya kwanza, wangeweza kumwona msichana mwenzao akicheza mpira akiwa amevaa jezi, viatu na soksi, mbele ya refa mwenye kipenga.

NAFASI YAKE UWANJANI

Akida ni mchezaji wa safu ya mbele. Ametumika kama mshambuliaji, kama kiungo wa kushambulia na pia pembeni, kulingana na mahitaji ya kocha. Wachezaji wa aina hii hutafutwa sana na timu ambazo hazina kikosi kipana, kwa kuwa mtu mmoja huweza kubadilishwa kazi bila kocha kulazimika kumwita mwingine kutoka benchi.

Kazi ya winga katika soka ya wanawake barani Afrika ina ugumu wake. Timu inayozidiwa nguvu hutumia muda mwingi ikijilinda, na mpira unapopatikana hupigwa mbele kwa haraka kuelekea pembeni, mahali ambapo mshambuliaji mmoja hubaki peke yake na walinzi wawili au watatu. Huyo hana budi kuwa na mbio, kuweza kuuficha mpira kwa mwili wake hadi wenzake wafike, na juu ya yote kuwa na utulivu wa kutumia nafasi moja au mbili atakazopata katika dakika 90. Hivyo ndivyo Harambee Starlets ilivyolazimika kucheza ilipokutana na mibabe wa bara, na hivyo ndivyo bao la Limbe linavyopaswa kupimwa.

KLABU ZA NYUMBANI

Kabla ya kuondoka nchini, Akida alizichezea Thika Queens na Spedag. Thika Queens, yenye makao katika mji wa Thika, imekuwa kwa muda mrefu mojawapo ya klabu imara za wanawake nchini na chimbuko la wachezaji wengi wa timu ya taifa. Spedag nayo ilijulikana kwa jina la kampuni ya uchukuzi wa mizigo.

Kwa mchezaji kutoka Pwani, kujiunga na klabu za aina hiyo kulimaanisha kuhama. Ligi ya wanawake ya wakati huo ilikuwa na nguvu zake katika Nairobi, viunga vyake na magharibi mwa nchi. Vihiga Queens, timu ya magharibi, ilitwaa ubingwa miaka mitatu mfululizo, 2017, 2018 na 2019. Pwani ilikuwa na vipaji, lakini haikuwa na klabu ya kuvishikilia hadi vikomae. Binti aliyeng'aa katika mashindano ya shule mjini Malindi au Kaloleni alikuwa na njia mbili: kupanda basi kwenda bara, au kuacha mpira alipomaliza kidato cha nne.

Hata aliyefika huko bara hakupata riziki kubwa. Wachezaji wengi wa ligi hiyo walitegemea marupurupu madogo ya usafiri, masomo waliyofadhiliwa au kazi nyingine ya mchana. Mkataba wa mshahara, bima ya matibabu na kiinua mgongo ni maneno yaliyosikika katika soka ya wanaume. Ndiyo sababu kwa mwanasoka wa kike nchini Kenya timu ya taifa haikuwa heshima tu. Ilikuwa soko: mahali pekee ambapo maajenti na makocha wa ng'ambo wangeweza kumwona.

NJIA YA KWENDA CAMEROON

Mwaka wa 2016 ulianza bila ishara kwamba Kenya ingeandika historia. Harambee Starlets, chini ya kocha David Ouma, ilipangwa kukutana na Algeria katika raundi ya mwisho ya mchujo wa Kombe la Afrika. Algeria ilikuwa imewahi kushiriki fainali hizo. Kenya haikuwa imefika hata mara moja.

Mechi ya mkondo wa kwanza, iliyochezwa Algeria mwezi Aprili, ilimalizika kwa sare ya mabao 2-2. Marudiano nyumbani yalikuwa sare ya 1-1. Jumla ikawa 3-3, na Kenya ikafuzu kwa faida ya mabao mawili iliyofunga ugenini. Timu ambayo haikuwa na ligi ya kuajiri wachezaji wake ikawa mojawapo ya nane bora barani.

Mwezi Septemba timu hiyo ilikwenda Jinja, Uganda, kwa mashindano ya wanawake ya Afrika Mashariki na Kati, ikafika fainali na kulazwa 2-1 na Tanzania. Kushindwa huko kuliuma, lakini kuliwapa wachezaji mechi za ushindani miezi miwili kabla ya safari ya Cameroon.

Droo ya fainali haikuwahurumia wageni. Kenya iliwekwa pamoja na Nigeria, waliokuwa mabingwa watetezi, Ghana, iliyokuwa imecheza Kombe la Dunia mara tatu, mwaka wa 1999, 2003 na 2007, na Mali. Mechi ya kwanza ya Kenya katika kundi hilo ilichezwa Limbe, mji wa pwani ulio chini ya Mlima Cameroon.

Novemba 20, Kenya iliteremka uwanjani kukabiliana na Ghana. Wengi walitarajia kwamba swali la siku hiyo lingekuwa idadi ya mabao ya Ghana. Badala yake Kenya ndiyo iliyotangulia, na aliyefunga alikuwa Akida, katika mwezi ule ule aliotimiza miaka 24. Kwa kipindi fulani cha alasiri hiyo, timu iliyokuwa ikicheza fainali kwa mara ya kwanza ilikuwa mbele ya mojawapo ya timu zenye historia ndefu zaidi barani.

Uongozi huo haukudumu. Ghana ilisawazisha, ikaongeza mabao mengine mawili na kushinda 3-1. Siku tatu baadaye Mali iliilaza Kenya kwa mabao 3-1, na katika mechi ya mwisho ya kundi Nigeria ikashinda 4-0. Starlets ilirudi nyumbani bila pointi, ikiwa imefunga mabao mawili na kufungwa 10. Nigeria iliendelea hadi ikatwaa kombe kwa kuwashinda wenyeji Cameroon 1-0 katika fainali ya Desemba 3.

Kwa takwimu peke yake, safari hiyo ilikuwa ya kushindwa. Lakini kila timu iliyoanza kushiriki mashindano makubwa huwa na bao lake la kwanza, na jina la mfungaji hubaki katika kumbukumbu hata baada ya matokeo kusahaulika. Kwa Kenya, jina hilo ni la binti kutoka Tana River.

ISRAEL, UTURUKI NA UGIRIKI

Njia ya ng'ambo haikuanzishwa na Akida. Doreen Nabwire, aliyelelewa Korogocho jijini Nairobi na kukuzwa kisoka na chama cha michezo cha vijana wa Mathare, ndiye anayetambuliwa kuwa Mkenya wa kwanza wa kike kucheza soka ya kulipwa Ulaya. Alijiunga na Werder Bremen ya Ujerumani kabla ya muongo wa pili wa karne hii kuanza, kisha akazichezea klabu za Uholanzi na Ujerumani. Hata hivyo, baada ya Nabwire ulipita muda mrefu ambapo waliomfuata walihesabika kwa vidole.

Mwaka wa 2018 Akida alijiunga na Ramat HaSharon, klabu ya mji ulio kaskazini mwa Tel Aviv, katika ligi kuu ya wanawake ya Israel. Ligi hiyo si miongoni mwa zile zinazotangazwa sana duniani, lakini ina umuhimu wake kwa mchezaji kutoka Afrika. Tangu 1994 Israel imekuwa mwanachama wa Shirikisho la Soka la Ulaya, kwa hivyo klabu bingwa yake huingia katika mashindano ya Ulaya na mechi zake hufuatiliwa na makocha wa bara hilo. Kwa mara ya kwanza Akida aliishi kwa kucheza mpira.

Kutoka huko alihamia Istanbul na kujiunga na Besiktas. Klabu hiyo ilianzishwa mwaka wa 1903 na ni mojawapo ya tatu kubwa zaidi nchini Uturuki, ingawa timu yake ya wanawake iliundwa mwaka wa 2014. Janga la korona lilikuwa limevuruga ligi za nchi nyingi. Uturuki ilifuta msimu wa 2019-2020, na msimu uliofuata ulifinywa katika wiki chache za mwaka wa 2021. Besiktas iliibuka bingwa, na Akida akawa Mkenya mwenye taji la ligi ya Uturuki.

Ubingwa huo ulikuja wakati soka ya wanawake ya Uturuki ilikuwa inabadilika. Mwaka huo wa 2021 Galatasaray na Fenerbahce, wapinzani wa jadi wa Besiktas, nazo ziliunda timu za wanawake, na ligi ikapanuliwa. Nafasi za wachezaji wa kigeni ziliongezeka, na Wakenya wengine walipata njia ya kuingia huko.

Mnamo 2022 Akida alivuka tena mpaka na kujiunga na PAOK ya Thessaloniki, Ugiriki. Uhamisho huo una kisa cha kuvutia kihistoria. PAOK ilianzishwa mwaka wa 1926 na wakimbizi wa Kigiriki waliotoka Istanbul, mji ule ule ambako Akida alikuwa akicheza. Klabu zote mbili huvaa nyeusi na nyeupe, na zote mbili zina tai kama alama yao. Timu ya wanawake ya PAOK imetawala soka ya Ugiriki kwa miaka mingi na hushiriki mara kwa mara mchujo wa Ligi ya Mabingwa ya Ulaya kwa wanawake.

Kwa msomaji aliyezoea habari za akina Dennis Oliech, McDonald Mariga na Victor Wanyama, klabu hizi zinaweza kuonekana ndogo. Lakini vipimo si vile vile. Oliech na Wanyama waliondoka wakiwa vijana wadogo na kupitia mikononi mwa klabu zilizokuwa na desturi ya kununua Waafrika. Akida aliondoka akiwa na miaka 25, kutoka ligi isiyolipa, kwenda katika nchi ambazo hazikuwa na desturi ya kutafuta wachezaji Kenya. Kila mkataba aliopata ulitegemea ule uliotangulia.

MIAKA YA MLANGO ULIOFUNGWA

Upande wa timu ya taifa, mambo yalikwenda kombo. Katika mchujo wa fainali za 2018, Kenya ilikutana na Equatorial Guinea. Iliishinda 2-1 nyumbani, kisha ikalazwa 2-0 ugenini na kutolewa kwa jumla ya mabao 3-2. Kenya iliwasilisha malalamiko kwamba wapinzani walimchezesha mtu asiyestahili. Mwezi Oktoba 2018 Shirikisho la Soka la Afrika lilikubali malalamiko hayo, likaitimua Equatorial Guinea na kuipa Kenya nafasi.

Kikosi kiliingia kambini kikijua kinakwenda Ghana kwa fainali. Novemba, siku chache kabla ya mashindano kuanza, kamati ya rufaa ya shirikisho hilo ilibatilisha uamuzi wa awali na kuirudisha Equatorial Guinea. Kenya ilikimbilia Mahakama ya Rufaa ya Michezo bila mafanikio. Wachezaji waliokuwa wamefungasha virago vyao kwa safari ya Accra walivifungua tena Nairobi.

Mwaka wa 2019 ulileta matumaini mapya. Mwezi Oktoba, katika mchujo wa Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, Starlets iliitoa Ghana kwa bao la muda wa ziada jijini Accra baada ya sare tasa nyumbani. Zambia iliisimamisha Kenya katika raundi iliyofuata kwa jumla ya mabao 3-2, na Wazambia hao ndio waliofika Tokyo. Novemba mwaka huo Kenya ilitwaa ubingwa wa Afrika Mashariki na Kati jijini Dar es Salaam kwa kuwashinda wenyeji Tanzania 2-0, mabao yote yakifungwa na Jentrix Shikangwa. Ilionekana dhahiri kwamba kikosi hicho kilikuwa kimekomaa.

Fainali za Afrika zilizotarajiwa 2020 zilifutwa kwa sababu ya korona. Mchujo wa zile za 2022 ulianza Oktoba 2021, na Kenya ikaicharaza Sudan Kusini kwa jumla ya mabao 15-1. Mpinzani aliyefuata alikuwa Uganda, jirani ambaye Kenya ilikuwa na kila sababu ya kuamini ingemshinda. Lakini Novemba 2021 serikali ilivunja uongozi wa Shirikisho la Soka la Kenya na kuunda kamati ya muda. Katika mvutano uliofuata, Kenya iliondolewa katika mechi za Uganda zilizopangwa Februari 2022. Uganda ilipita bila kupiga mpira. Februari 24, FIFA iliifungia Kenya kwa kosa la serikali kuingilia usimamizi wa soka, na marufuku hayo hayakuondolewa hadi Novemba 2022.

Huo ndio uliokuwa mwaka wa Akida nchini Ugiriki. Mchezaji alikuwa katika klabu kubwa kuliko wakati wowote, na nchi yake haikuruhusiwa kucheza. Wanaume walikosa mechi pia, lakini wao wana ligi, mishahara na maajenti. Pigo kwa wanawake lilikuwa zito zaidi, kwa kuwa fainali zile za Morocco ndizo zilizotoa tikiti za Kombe la Dunia la 2023.

Septemba 2023 Starlets iliishangaza Cameroon kwa kuitoa kwa mikwaju ya penalti jijini Nairobi, kisha mwezi Desemba ikatolewa na Botswana. Ilibidi kusubiri hadi Oktoba 2025 ndipo Kenya, chini ya kocha Beldine Odemba, ikafuzu tena kwa kuishinda Gambia kwa jumla ya mabao 4-1. Tangu bao la Limbe hadi siku hiyo ilikuwa imepita karibu miaka tisa.

WALIOFUATA

Wakati wa Akida ng'ambo uliambatana na kuongezeka kwa Wakenya wa kike katika ligi za nje. Ruth Ingosi alikwenda Cyprus. Shikangwa alipitia Uturuki kabla ya kung'aa na Simba Queens ya Tanzania. Na Mwanahalima Adam, mwanasoka mwingine aliyeifungia Kenya mabao, naye alicheza Uturuki. Simba Queens na Yanga Princess zilipoanza kulipa vizuri, Dar es Salaam ikawa karibu zaidi kuliko Istanbul, na kwa mchezaji wa Pwani, lugha na chakula vikawa vya nyumbani.

Klabu za nyumbani pia zilijaribiwa nje. Vihiga Queens ilishinda mchujo wa kanda mwaka wa 2021 na kushiriki Ligi ya Mabingwa ya Afrika kwa wanawake ilipochezwa kwa mara ya kwanza jijini Cairo mwezi Novemba.

Lakini katika ukanda wa Malindi na Kilifi swali la zamani halijajibiwa. Wasichana wanaocheza mpira sasa ni wengi, viwanja vinajulikana, na marefa wa kike si ajabu tena. Kinachokosekana ni ngazi ya katikati: klabu yenye uwezo wa kumchukua msichana wa miaka 18 aliyemaliza shule, kumpa chumba, chakula na mazoezi ya kila siku, na kumpeleka ligi kuu bila kumlazimu kwenda Thika au Vihiga. Bila ngazi hiyo, Pwani itaendelea kutoa mchezaji mmoja mmoja, kwa bahati na kwa ukaidi wa mtu binafsi, badala ya kutoa kikosi.

KWA MUHTASARI

Jina kamili: Esse Mbeyu Akida.

Kuzaliwa: Novemba 1992, Tana River, Kenya.

Nafasi: mshambuliaji, kiungo wa kushambulia, winga.

Klabu: Thika Queens na Spedag (Kenya), Ramat HaSharon (Israel, kuanzia 2018), Besiktas (Uturuki, bingwa wa ligi 2021), PAOK (Ugiriki, kuanzia 2022).

Timu ya taifa: Harambee Starlets. Alishiriki fainali za Kombe la Afrika la Wanawake 2016 nchini Cameroon na kufunga bao la kwanza la Kenya katika historia ya mashindano hayo, dhidi ya Ghana, mjini Limbe, Novemba 20, 2016.